Mwizi Aliyeongeza Rangi

Kadi za rangi za madukani zimeipa rangi hii majina ya kila aina, lakini watu wenye akili zao huiita damu ya mzee. Ni nyekundu iliyokolea mpaka ikaingia kahawia. Ukiipaka kwenye ukuta mmoja wa sebule, chumba kizima kinatulia kama mtu aliyeshiba. Tatizo lake ni kwamba kila mtu ana damu ya mzee yake kichwani. Muulize dada, atakuonyesha sketi yake ya shule. Muulize kaka, atakwambia wewe huoni vizuri, damu ya mzee ni ile ya viti vya gari la baba. Kwa hiyo anayeweza kuichanganya kwa jicho tu, bila kadi wala mashine, mpaka mteja akapiga kelele "hapo hapo!", huyo si fundi wa kuokota barabarani.

Fundi huyo alikuwa Koti Tatu.

Jina alilipata kazini. Mafundi rangi huita kila mpako koti. Rangi nyingine ukizipa makoti mawili zinakushukuru, lakini damu ya mzee ina kiburi: koti la kwanza linatoka mabaka mabaka, la pili mteja anaanza kujuta, la tatu ndipo ukuta unanyamaza. "Tatu," alikuwa akisema huku ameinua vidole kabla mteja hajafungua mdomo. "Ukitaka mawili, katafute mtu mwingine." Kazi alifundishwa na mjomba wake, mwandishi wa mabango ya maduka, na kwa miaka thelathini na moja alikuwa ameingia kwenye sebule za watu, vyumba vya kulala, ofisi za mawakili na saluni, na kote aliacha ukuta mmoja wa damu ya mzee ambao wageni waliusifia kabla hawajasalimia. Hakuwa na shamba, hakuwa na duka. Alichokuwa nacho ni hilo jicho, na jina lililotokana nalo.

Sasa kasoro yake. Jamani, mtu yule alikuwa na shaka! Chai akiletewa, anauliza nani katia sukari. Jirani akimsalimia mara mbili kwa siku moja, anakwenda kuangalia kama kuku wake wametimia. Mipini ya brashi zake aliichoma alama kwa moto, na kila kopo la rangi alilikwaruza kwa msumari upande wa ndani, mstari mwembamba pale rangi ilipofikia, ili akirudi ajue kama kuna mkono ulioingia. Mkewe aliwahi kumuuliza kama na yeye amemkwaruza mstari mahali. Koti Tatu hakucheka.

Aliyepona shaka hiyo alikuwa mtu mmoja tu, shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. Shemeji alikuwa mrefu kiasi cha kufikia pembe za dari bila ngazi, mpole, hodari wa kupiga msasa huku akipiga mluzi. Koti Tatu alimwachia hata ufunguo wa stoo, na ufunguo wa stoo hakuwa nao hata mwanawe wa kumzaa.

Mambo yalianza na kuta. Kwa muda wa mwaka hivi, kila alipomaliza kazi na kurudi nyuma hatua nne kuitazama, aliona rangi imekufa. Alijua alichokichanganya. Alichanganya kitu chekundu chenye uhai, lakini kikifika ukutani kinakuwa tope. Na hapohapo mteja anapiga makofi: "Fundi, umeua!" Umeua nini? Mtu anasifia tope kwa sababu gani? Koti Tatu alisimama pale na tabasamu la kulazimisha, akijisemea kwamba ama hawa watu wanamcheka, ama kuna jambo.

Kwanza alilishuku duka. Alikwenda akafungua makopo mawili juu ya kaunta, akanusa, akasugua rangi kati ya vidole, akamwambia mwenye duka, "Mmeanza kuchakachua, eti?" Mwenye duka akaapa kwa watoto wake wote. Koti Tatu akahamia duka la pili, kisha la tatu, na tope likamfuata huko huko.

Ndipo akaanza kuona mengine. Wateja walikuwa wanamvuta shemeji pembeni na kunong'ona naye. Yeye akisogea, mazungumzo yanageuka yanakuwa ya hali ya hewa. Simu ya shemeji ikilia, shemeji anatoka nje kuipokea. Nyumbani, mara mbili aliwakuta mkewe na huyo nduguye jikoni wakizungumza kwa sauti ya chini, na alipoingia mkewe akaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa. Na kila mara kabla ya kupaka, shemeji alikuwa na neno lake: "Shemeji, nenda kapumzike kidogo, mimi nitaikoroga." Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia akapumzike. Huyu anataka nini?

Basi ikaja kazi ya mwalimu.

Mwalimu huyu alikuwa mkuu wa shule mstaafu, mama wa miaka sabini na kitu, mwenye sauti ya kusimamisha gwaride. Nusu ya watu wa mtaa ule alikuwa amewafundisha, na nusu nyingine alikuwa amewafokea. Akisifia kitu, watu wanakinunua, akikikataa, kimekwisha. Alitaka ukuta wa sebule ulio nyuma ya rafu ya vitabu upakwe damu ya mzee, tena sawasawa na mto wa kochi alioushona mwenyewe. Aliuweka ule mto mikononi mwa Koti Tatu kama anayekabidhi mtoto.

"Hii, fundi. Si ndugu yake, si jirani yake. Hii hii."

"Mwalimu, ukirudi utautafuta mto wako usiuone, umemezwa na ukuta."

Mwalimu akacheka, akawaachia ufunguo, akaenda kwa binti yake siku tano. Koti Tatu alijua fika: ukuta ule ukitoka tope, basi jina lake nalo linazikwa pale nyuma ya rafu.

Siku ya kwanza walisogeza vitabu, wakaziba nyufa, wakapiga msasa, wakaweka rangi ya chini ya kijivu. Siku ya pili asubuhi Koti Tatu alikaa mlangoni penye mwanga na kopo la lita nne, akaanza kuchanganya: nyekundu, kahawia, nyekundu tena, nyeusi kwa ncha ya kijiti, nyekundu tena kidogo. Akapaka kwenye kipande cha ubao, akaacha kikauke, akakiweka juu ya mto. Akatabasamu peke yake. Akakwaruza mstari wake kwa msumari, akafunika, akaenda uani kunawa mikono.

Aliporudi akafungua kopo. Mstari hauonekani.

Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Rangi ilikuwa imepanda juu ya mstari kwa upana wa kucha. Miaka thelathini na moja akikwaruza makopo, alikuwa amekwisha kukamata rangi iliyopungua mara nyingi tu. Iliyoongezeka hakuwahi kuiona. Mwizi gani huyu anayeongeza?

Alichukua kopo lingine, akachanganya upya kwa utaratibu uleule, akakwaruza, akafunika, akasema kwa sauti ya juu kidogo, "Tepu imekwisha, naenda dukani." Akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka nyumba, akapita chini ya kamba ya nguo, akajibanza kwenye dirisha la nyuma la sebule. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane, amechuchumaa kwenye maua ya watu!

Shemeji aliacha kupiga msasa. Akatazama mlangoni. Akaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, akatoa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi iliyofungwa kwa kitambaa, akafungua kopo, akamimina. Kilichotoka kilikuwa cheusi. Akakoroga, akachovya kijiti, akakisogeza karibu na mto, akatikisa kichwa, akamimina tena. Kisha akafunika kopo, akaficha chupa, akaanza kupiga mluzi.

Koti Tatu aliingia ndani kwa kishindo kiasi kwamba vitabu viwili vilianguka.

"Unatia nini kwenye rangi yangu?"

Shemeji akageuka, uso umemparama. "Nyeusi, shemeji."

"Nyeusi! Unakiri!"

"Nyeusi na kahawia kidogo. Ilikuwa imezidi wekundu, nilikuwa narekebisha tu..."

"Urekebishe nini wewe? Nani kakufundisha kuchanganya? Si mimi? Mwaka mzima natazama kuta zangu zinakufa, kumbe muuaji nakula naye sahani moja! Wateja wangu ndio unaowataka. Unaniharibia kazi ili uwaambie mzee kachoka, njooni kwangu."

"Shemeji, nisikilize."

"Nikusikilize nini? Chupa imefungwa kitambaa, inafichwa mfukoni. Wewe ni mchawi. Mchawi kabisa!"

Neno hilo likatua. Shemeji akaitoa ile chupa, akaiweka juu ya rafu. Akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiacha sakafuni pamoja na ufunguo wa stoo.

"Haya," akasema. "Paka."

Akaondoka. Koti Tatu alilisikia geti likifungwa taratibu, na utaratibu huo ulimuudhi kuliko kama lingebamizwa.

Akayaweka kando makopo yote mawili, akafungua jipya. Akachanganya mwenyewe, akakaa na kopo lake muda wote, hata maji ya kunywa aliyanywa akiwa amelikumbatia kwa magoti. Akapaka koti la kwanza, siku iliyofuata la pili, na siku ya nne la tatu. Akarudi nyuma hatua nne. Ah! Hapo sasa. Hiyo ndiyo damu ya mzee, yenye uhai, inapumua. Akauweka mto kwenye kochi mbele ya ukuta, akautazama, akaimba kwa sauti mbaya wimbo wa ujana wake. Mwaka mzima! Mwaka mzima mtu alikuwa anamkaba koo na yeye hajui.

Nyumbani mkewe alikuwa hasemi naye. Koti Tatu akaandika na hilo kwenye daftari lake la moyoni: ndugu na ndugu, lao moja.

Mwalimu alirudi siku ya tano saa nne asubuhi, na mkoba begani. Koti Tatu alimfungulia mlango kama mwenye nyumba. Mwalimu akaingia hatua mbili, akasimama. Mkoba ukateleza mpaka kwenye kiwiko.

"Fundi," akasema. "Mimi nilikuagiza damu ya mzee."

"Ndiyo hiyo, mwalimu."

"Hii? Hii ni damu ya kijana, tena kagongwa na pikipiki sasa hivi."

Koti Tatu akacheka kidogo, akangoja na mwalimu acheke. Mwalimu hakucheka. Akauchukua mto, akaubandika ukutani kwa mkono wake mwenyewe.

"Tazama."

Akatazama. Aliona kitu kimoja. Hakuona mahali mto unapoishia na ukuta unapoanzia, isipokuwa ule mshono.

"Si ni sawasawa, mwalimu?"

Mwalimu aliacha kuutazama ukuta, akamtazama yeye. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi ambaye si mjinga ila kuna kitu nyumbani. Lakini shaka ni shaka, haifi mara moja.

"Shemeji yangu kakupigia simu?"

"Anipigie kuniambia nini?"

"Mmepanga. Semeni tu mmepanga."

Kabla mwalimu hajajibu, Koti Tatu alikuwa barabarani. Ng'ambo kulikuwa na fundi viatu, mgeni wa mtaa ule, hamjui yeye wala shemeji. Koti Tatu akamshika mkono na sindano yake na kiatu chake, akamwingiza sebuleni.

"Kaka, samahani. Mto huu na ukuta huu, rangi moja au mbili?"

Fundi viatu akawatazama wote kwa zamu. "Mzee, mnanitega?"

"Sema unachokiona tu."

"Mbili. Mto umeiva, karibu na kahawia. Ukuta..." Akasita, akamwonea haya. "Ukuta kama bucha, mzee wangu."

Hapo alikaa kwenye kochi la mwalimu na suruali yake ya kazini, na mwalimu, mtu wa kupigania kochi, akamwacha. Koti Tatu aliogopa. Aliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake, kwa maana alielewa yote kwa mkupuo: kuta hazikuwa zimekufa. Zilikuwa sawa kabisa. Kila aliyepiga makofi alikuwa akisema kweli.

"Nenda kliniki ya macho," mwalimu akamwambia. "Leo. Ukuta hauna miguu, utaukuta."

Kliniki muuguzi akammulika tochi, akamwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, ameshakuwa mtu mzima huyo mtoto. Ndiyo maana kila kitu kilionekana kimefifia na kuingia kahawia, na yeye akawa anaongeza nyekundu ili kukifufua. Koti Tatu akaomba muuguzi mwingine amwangalie. Wa pili akasema hayohayo. Dawa ni kupasuliwa, na foleni ni ya miezi minne.

Nyumbani alimkuta mkewe anapanga nguo.

"Ulikuwa unajua?"

Mkewe hakuuliza kujua nini. "Tangu uende harusini na soksi moja ya buluu na moja ya kijani. Nikakwambia, ukasema nimekubadilishia sanduku."

"Na nani mwingine anajua?"

"Baba watoto, tuseme nani hajui." Akaketi kitandani, nguo mapajani. "Wateja walikuwa wanampigia simu ndugu yangu. Wanauliza, mzee bado anaweza? Tumwite mwingine? Anawaambia, mwiteni huyohuyo, rangi itatoka sawa, mimi nipo. Mwaka mzima anamjibu hivyo kila anayepiga. Wewe ukaenda ukamwita mchawi."

Koti Tatu akatoka bila kuvaa kofia.

Shemeji alikuwa kwake uani, anapiga msasa mlango wa choo, hapigi mluzi. Alimwona, akaendelea na kazi. Koti Tatu alisimama pale, mikono haijui pa kukaa.

"Nimetoka kliniki."

"Pole."

"Kwa nini hukuniambia?"

Shemeji akausimamisha msasa. "Nikuambie wewe? Wewe mtu akikwambia mvua inanyesha, unatoa mkono dirishani. Ningekwambia macho yamekwisha, ungesema nini?"

Koti Tatu akafikiri. Alijua hasa angesema nini.

"Nimekukosea," akasema. "Sana. Lile neno... nalirudisha."

"Halirudi," shemeji akasema. "Lakini mwalimu hana kosa. Kesho saa mbili."

Saa mbili asubuhi shemeji alikuwa pale kwa mwalimu, amevaa shati la nyumbani, si ovaroli. Alimsalimia mwalimu vizuri. Alipomgeukia Koti Tatu, alimwita "fundi", si "shemeji". Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumwita fundi, na Koti Tatu aliisikia mpaka mfupani. Akalifungua kopo jipya, akamsogezea kijiti.

"Changanya wewe," akamwambia.

Shemeji akakunja mikono kifuani. "Kopo ni lako. Koroga. Mimi nitakwambia."

Basi Koti Tatu akakaa mlangoni penye mwanga, kopo katikati ya magoti. Akatia nyekundu, akatia kahawia, akakoroga mpaka akaiona imefika, tamu, inapumua, ile yenyewe hasa. Angeapa mbele ya hakimu.

"Nyeusi," shemeji akasema.

Akamimina nyeusi kidogo. Akakoroga. Mbele ya macho yake rangi ikafifia.

"Bado."

Kila kitu ndani yake kilimwambia anaharibiwa kazi, anachekwa, asimame, atazame uso wa huyu mtu aone kama kuna kicheko. Hakutazama. Akamimina. Rangi ikafa kabisa, ikawa tope, tope lilelile la mwaka mzima.

"Imefika?" akauliza.

"Bado."

Koti Tatu akamimina tena.